Maswali na Majibu: Asili ya Uhai na Jamaa za Viumbe

Msomaji wa Himbi, Goma: Je, uhai ulianzia wapi duniani, na gesi ya ziwa letu inahusika vipi?

Mahali penyewe hapajathibitishwa, na anayedai kupajua ametangulia ushahidi. Tunachojua vizuri zaidi ni umri: dunia ina miaka bilioni 4.5 hivi, na huko Pilbara, magharibi mwa Australia, kuna miamba yenye matabaka ambayo wanajiolojia wengi wanakubali kuwa yalijengwa na vijiumbe miaka karibu bilioni 3.5 iliyopita. Mwaka 1953, Stanley Miller wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha jaribio ambamo alipitisha cheche za umeme katika mchanganyiko wa mvuke, methani, amonia na hidrojeni, akapata asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Leo wengi wanaona kwamba hewa ya kale haikuwa na mchanganyiko huo hasa, ingawa jambo kubwa alilolionyesha halijapingwa: vijenzi vya uhai vinaweza kutokea bila kiumbe kuvitengeneza. Wengine, tangu zilipogunduliwa chemchemi za maji moto chini ya bahari karibu na visiwa vya Galapagos mwaka 1977, huelekeza macho huko, kwa kuwa viumbe wengi wa pale hupata nguvu kutokana na kemikali zitokazo ardhini badala ya mwanga wa jua. Ziwa Kivu ni changa mno kuhusishwa na mwanzo huo. Methani, gesi yake uliyoiulizia, haikuzaa uhai. Ni uhai ulioizaa, kama nitakavyomweleza mwanafunzi hapa chini.

Msomaji wa Kadutu, Bukavu: Kama uhai ulitoka katika vitu visivyo hai, mbona hautokei tena? Bibi yangu husema funza huzaliwa na nyama iliyooza.

Francesco Redi wa Italia alilijaribu neno la bibi yako mwaka 1668. Nyama aliyoifunika kwa kitambaa haikutoa funza, kwa sababu nzi hawakuweza kutaga mayai juu yake. Louis Pasteur naye, karibu miaka 200 baadaye, alionyesha hivyo hivyo kuhusu vijiumbe. Lakini wote wawili walithibitisha tu kwamba viumbe kamili hawachipuki ndani ya siku chache. Hawakupima mamilioni ya miaka katika dunia ambayo hewa yake haikuwa na oksijeni. Charles Darwin aliliwazia swali lako katika barua ya mwaka 1871, akaona kwamba siku hizi kemikali za namna hiyo zingeliwa mara moja na viumbe waliokwisha kuwapo. Mheshimu bibi, ila nyama uifunike.

Mwanafunzi wa sekondari, Bukavu: Mwalimu anafundisha himaya 5 za viumbe, kaka yangu wa chuo kikuu anasema makundi makuu ni 3. Nimfuate nani?

Kwenye mtihani, mwalimu wako. Himaya tano zilipendekezwa na Robert Whittaker mwaka 1969: wanyama, mimea, kuvu, protista (wengi wao viumbe vya seli moja yenye kiini, kama amiba) na monera, yaani bakteria. Mwaka 1977, Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA za ribosomu, yaani molekuli zilizomo katika vyombo vya seli vinavyotengeneza protini, wakakuta kwamba baadhi ya walioitwa bakteria si bakteria kamwe. Kundi hilo leo huitwa arkea, na mwaka 1990 Woese na wenzake wakagawa viumbe katika domeni tatu: bakteria, arkea na yukariota, yaani viumbe ambao seli zao zina kiini, ambamo sisi tumo pamoja na mihogo na uyoga.

Hao arkea ni jirani zetu. Chini ya mita 60 hivi, maji ya Kivu hayana oksijeni, na huko wao hutengeneza methani, baadhi wakitumia hidrojeni na kaboni dioksidi, wengine wakitumia mabaki ya viumbe waliozama. Gesi hiyo iliyoyeyuka vilindini inakadiriwa kufika kilomita za ujazo 60. Kaboni dioksidi, ile ya mazuku, yaani gesi nzito inayojikusanya mahali pa chini na kuua mifugo mabondeni karibu na Goma, kwa sehemu kubwa hutoka kwenye volkano. Kwa maoni yangu mpango wa Woese ndio wenye nguvu zaidi, kwa kuwa unafuata nasaba: bakteria na arkea, hata wakionekana sawa chini ya hadubini, wametengana zaidi kinasaba kuliko binadamu na uyoga.

Mama muuza samaki, Ibanda: Je, sambaza ni watoto wa samaki gani?

Mama, hao ni samaki wazima. Jina lao ni *Limnothrissa miodon*, na waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni jamaa wa ndagala, na kwa mbali zaidi wa sadini wa baharini. Neno la kwanza katika jina hilo ni la jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, na yote mawili kwa pamoja hutaja spishi, utaratibu ambao Carl Linnaeus wa Uswidi aliutumia kwa wanyama wote mwaka 1758.

Msomaji wa Birere, Goma: Okapi ni punda milia wa msituni?

Hata wataalamu walidhani hivyo. Mwaka 1901, Philip Sclater alipewa vipande vya ngozi yenye mistari tu, akamweka okapi katika jenasi ya farasi na punda. Mwaka huo huo yakafika mafuvu na ngozi nzima, na umbo la meno likamhamishia katika familia ya twiga.