Metaplasia kwenye majibu ya mfuko wa nyongo: je, ni saratani?

SWALI: Daktari, mama yangu mwenye umri wa miaka 54 alifanyiwa upasuaji jijini Mbeya na kutolewa mfuko wa nyongo uliokuwa na mawe. Kidonda kimepona na anakula vizuri, lakini majibu ya maabara tuliyoyachukua baadaye yanataja kolesistitisi sugu, metaplasia ya aina ya tumbo na vifuko vya Rokitansky-Aschoff. Je, hiyo ni saratani? Mama bado hatujamwambia.
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Pole kwa kuuguza. Katika maneno uliyoyanukuu hakuna saratani, na mama aambiwe hivyo leo, kwa kuwa majibu hayo ni yake.

Ukuta wa mfuko wa nyongo kwa kawaida hauzidi unene wa milimita 3. Mawe yakikaa humo kwa miaka, hukwaruza utando wa ndani, na mara kwa mara jiwe huziba mlango wa kutokea, nyongo ikatuama na kuuchoma ukuta. Kila shambulio likipita, mahali palipoumia hufanya kovu, na ndiyo maana mpasuaji hukuta mfuko mgumu, pengine ulioshikamana na ini. Huko kuumia na kuwaka kwa mfuko kwa muda mrefu ndiko kunakoitwa kolesistitisi sugu. Kwenye darubini huonekana limfositi, yaani aina ya chembe nyeupe za damu, nyuzi za kovu na misuli iliyonenepa. Shinikizo la ndani nalo huusukuma utando upenye katikati ya misuli, na huko kupenya ndiko kunakoacha vifuko vinavyobeba majina ya wanapatholojia Rokitansky na Aschoff. Jina linatisha kuliko jambo lenyewe.

Metaplasia ni seli za utando zilizochoshwa na msuguano zikabadilika na kufanana na zile za sehemu ya chini ya tumbo la chakula, ambazo hutoa ute wa kujikinga, kama mkulima wa Rungwe aliyechoshwa na kahawa akapanda maparachichi shamba lile lile. Hali hii huonekana mara nyingi sana katika mifuko yenye mawe. Wagonjwa wengine huandikiwa kolesterolosisi, yaani madoa ya manjano ya mafuta kwenye utando, na hiyo pia si saratani.

Neno ambalo ningelisoma mara mbili ni displasia, kwa sababu hapo mpangilio wa seli wenyewe huwa umeanza kuharibika, na saratani ya mfuko wa nyongo mara nyingi hupitia njia hiyo. Hata hivyo, displasia ikiwa imeishia kwenye utando, na ncha ya mrija uliokatwa ikawa safi, kwa kawaida kule kutolewa kwa mfuko ndiko tiba yenyewe.

Mpelekeeni mpasuaji karatasi hiyo ili aiweke kwenye faili la mama. Akipata macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au homa pamoja na maumivu chini ya mbavu za kulia, awahishwe hospitali bila kungoja siku ya kliniki, kwani huenda kuna jiwe lililobaki kwenye mrija mkuu wa nyongo.