Pampu inameza vifaranga: maswali ya wafugaji wa samaki

Natumia pampu ya petroli ya inchi 2 kupunguza maji bwawani. Nimefunga wavu kwenye chujio la mpira wa kunyonyea, lakini baada ya muda mfupi pampu inaacha kuvuta, na wavuni nakuta vifaranga wa perege wamekufa. Nitafute wavu wenye matundu madogo zaidi?

Hapana, utazidisha tatizo. Mdomo wa mpira wa inchi 2 una eneo la sentimita 20 za mraba tu. Maji yote yakilazimika kupita hapo yanakwenda kasi mno, kifaranga akibanwa hajinasui, na jani moja linatosha kuziba.

Panua eneo la kuingilia maji. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, ukate ubavuni madirisha sita, kila moja upana sm 8, urefu sm 25. Jumla ni sm 1,200 za mraba, mara 60 ya ule mdomo. Piga kingo msasa, zungushia wavu wa plastiki wa madirishani, ukaze juu na chini kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Toboa mfuniko upitishe mpira, kisha weka jiwe la kilo 2 au 3 ndani ili ndoo izame. Chujio likae katikati. Likigusa wavu, maji yatavutwa hapo tu na vifaranga watabanwa vilevile.

Tafadhali usitumie chandarua chenye dawa, hata kikuukuu. Dawa ile ni sumu kali kwa samaki.

Mlio wa injini ukipanda ghafla huku maji yakipungua, wavu umeziba. Zima kwanza ndipo usafishe. Pampu ikiwa bado inavuta, uchafu hauachii.

Ndoo nikiishusha inavuta tope, nikiipandisha inavuta hewa. Niiweke wapi?

Ining'inize kwenye dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo, mfuniko wa ndoo uwe sm 30 chini ya maji. Ukiona maji juu yake yanazunguka na kufanya kishimo, hewa inaingia, refusha kamba. Dumu hushuka pamoja na maji, kwa hiyo huna haja ya kurekebisha kila mara. Kina kikibaki mita moja, simamisha kazi uvue samaki kwa wavu kwanza, maana ndoo inakaribia tope.

Kila nikizima pampu, maji yote ya mpirani yanarudi bwawani.

Kilango cha vali iliyo mwisho wa mpira hakifungi. Mara nyingi ni kijiti au mchanga uliokwama. Ifungue, isafishe, kisha mimina maji juu yake: yakivuja, badilisha raba. Yasipovuja, kagua klipu za maungio.

Najaza bwawa kwa maji ya mto, na kambale wadogo wanaingia.

Hapo ndoo haitoshi, kwani mayai na vifaranga wachanga hupenya wavu wa madirishani. Shona mfuko wa kitambaa chepesi kinachopitisha maji, urefu mita 2, uufunge kwenye mpira wa kumwagia, nusu yake ilale majini. Ukague kila nusu saa. Ukivimba na kukakamaa, zima pampu, ugeuze ndani nje na uusuuze mbali na bwawa. Usiuchoke: kambale mmoja akikua bwawani, atakula vifaranga wako wa perege.