Anza na mfongo wa kwenu: ushauri kwa anayetaka kutafiti nyumbani

Kila mwaka, msimu wa kuandika tasnifu unapokaribia, hunijia vijana wawili watatu hapa Moshi wakiwa na mada za utafiti zinazotaka kulimeza bara zima kwa mkupuo: mazingira ya Afrika, historia ya Afrika, utamaduni wa Afrika, vyote ndani ya kurasa themanini. Siwacheki, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza hivyo hivyo. Mada yangu ya kwanza ya shahada ya uzamili ilijaza mistari minne, na msimamizi wangu, baada ya kuisoma mara mbili, aliniuliza swali moja tu: ndani ya mada hii kuna kitu gani unachoweza kukiendea kwa miguu asubuhi ukarudi jioni? Nilifikiri, kisha nikajibu kwamba labda ni mfongo unaopita juu ya kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kule Old Moshi. Akakata mistari yote minne kwa kalamu, akaandika pembeni: mfongo.

Kwa wasiotoka huku mlimani Kilimanjaro, mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga. Maji hukingwa mtoni, aghalabu ndani ya msitu, kwa banio la mawe, magogo na udongo, kisha huongozwa ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana hadi yafike kwenye vihamba ambako mto wenyewe umeshazama chini kabisa ya korongo. Msimamizi wake huitwa meni mfongo, naye kwa kawaida hutoka katika ukoo unaotajwa kuwa ndio uliouchimba. Ndiye mwenye kupanga zamu za maji na kuwaita watu kwenye kazi ya kusafisha. Kabla kahawa haijatawala, maji hayo yalinywesha pia ulezi wa kiangazi, ule wa kutengenezea mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Kwa hiyo ukiufuata mfongo mmoja tangu banio hadi tone la mwisho, utapita kwenye msitu, kwenye mivutano ya koo, kwenye amri za mangi, yaani chifu, kwenye sheria za wakoloni na kwenye chungu cha pombe, bila kuvuka mpaka wa kata. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na mengine yote ninayoyaandika hapa yametokana nao.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilihusu maji yenyewe. Katika rasimu ya kwanza niliandika, kwa lugha iliyojaa mapambo, kwamba mfongo wetu unakunywa theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Nilikuwa nimeyasikia hayo tangu utotoni, wazee waliyasema, na hata matangazo ya watalii huyarudia. Bwana miti mmoja aliyekuwa amenisindikiza hadi kwenye banio aliniuliza ni mwezi gani maji huwa mengi zaidi, nami nikamjibu bila kusita kwamba ni baada ya masika. Alinitazama tu, akaniachia nafasi ya kujisikiliza. Mito ya upande wetu wa kusini hulishwa hasa na mvua inayonyesha kwenye ukanda wa msitu, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na ushei, pamoja na ukungu unaonaswa na miti. Mchango wa barafu ya kileleni ni mdogo sana. Jambo hilo halikuhitaji maabara. Lilihitaji mtu mwenye daftari, anayepima kina cha maji kwa kijiti chenye alama mara moja kwa wiki kwa mwaka mzima, na hicho ndicho nilichokifanya baadaye kwa msaada wa mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyeishi karibu na mfongo.

Nilipoipitia historia ya mlima nilijiona nimo kwenye kundi la watu niliokuwa nikiwadharau. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huu tarehe 11 Mei 1848 na kuandika kwamba kileleni kuna theluji. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika huku, alimbishia kwa miaka mingi kwa hoja kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, wala hakukubali hata baada ya msafara wa Karl Klaus von der Decken kukutana na theluji ikianguka mlimani mwaka 1862. Cooley aliikana theluji akiwa kitini, nami nikiwa kitini niliitwika mzigo usiokuwa wake. Nawaambia vijana kwamba mtu wa nyumbani hukosea kama mgeni, ila makosa yake huchelewa kugunduliwa kwa sababu hakuna anayemtilia shaka.

Sisemi kwamba barafu haina habari ya kusimulia. Wanasayansi waliolinganisha ramani ya mwaka 1912 na vipimo vya mwaka 2007 walikuta kwamba asilimia 85 hivi ya eneo lililokuwa na barafu mwaka ule wa kwanza limebaki wazi. Kumbuka kilichowawezesha: waliochora ramani ya 1912 hawakujua kwamba miaka karibu mia baadaye kazi yao ingetumika kama kipimo. Ndiyo maana kijiti changu cha kupimia maji nimekiwekea alama kwa sentimita, nikaandika tarehe na saa ya kila kipimo, ingawa tasnifu yenyewe haikuhitaji hata robo ya tarakimu hizo.

Sasa nije kwa wazee, ambako kijana mtafiti huharibu mambo mengi zaidi. Usiende na kinasa sauti mkononi. Nenda kwanza usalimie, useme wewe ni wa nani na wa ukoo upi, ukae, na siku hiyo uondoke bila kuuliza la maana. Mzee wa kwanza niliyemhoji alinieleza kwa ufasaha mkubwa jinsi ukoo wake ulivyouchimba mfongo, nami nikaandika hivyo kama nilivyoambiwa. Wiki mbili baadaye nilivuka korongo nikamkuta bibi mmoja akipalilia magimbi, nikamsomea nilichoandika. Alicheka hadi akaketi chini. "Mwanangu," akasema, "huyo babu yako amekupa ya kwao, na haki yake kuyasema. Lakini muulize banio la kwanza lilivunjika mara ngapi, na ni akina nani waliolijenga tena."

Sikurudi kumwambia babu kwamba ameniongopea, kwa sababu hakuwa ameniongopea. Alikuwa amenipa simulizi ya ukoo wake, ambayo ina kazi ya kulinda haki ya maji, na ushahidi wa namna hiyo una thamani mara tu unapojua ni wa nani. Profesa Isaria Kimambo, ambaye alikusanya simulizi za Upare miaka ya 1960 na kuchapisha historia yake mwaka 1969, alionyesha mapema kwamba masimulizi ya ukoo mmoja hupata nguvu yakipimwa na ya ukoo mwingine. Kwa hiyo, kila ukurasa wa daftari lako uwe na jina la aliyesema, ukoo wake, mahali, tarehe, na watu waliokuwepo akisema. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mzee yuleyule alinipa maelezo ya aina moja mbele ya mwenyekiti wa kamati ya mfongo na ya aina nyingine kabisa jioni, nyumbani kwake.

Niongeze jambo nililojifunza kwa kuchelewa: wahoji kina mama. Wanaume watakueleza kanuni za zamu ya maji kwa mpangilio mzuri kama katiba. Wanawake watakueleza jinsi kanuni hizo zinavyovunjwa, saa ngapi za usiku, na nani hujifanya haoni. Sura yangu bora kuliko zote ilitoka kwa wanawake watatu waliokuwa wakimwagilia mboga.

Tarehe nazo zina mitego yake. Ukimuuliza mzee mwaka, atakupa mwaka wowote kwa adabu, ili usiondoke mikono mitupu. Afadhali uulize mambo yaliyotokea kwa jirani ya tukio: je, kahawa ilikuwa imeshaanza kuzaa, je, chama cha ushirika cha KNCU kilikuwa kimeshaanzishwa, jambo linalokupeleka mwaka 1933, au je, bado kulikuwa na mangi, kwa maana utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963 na watu wengi hukumbuka hivyo. Hata majina huchanganya. Niliwahi kujaza kurasa tatu juu ya amri ya "Mangi Marealle" kuhusu maji kabla sijatambua kwamba wasimulizi wangu walikuwa wakizungumzia watu watatu: Marealle wa Marangu wa enzi za Wajerumani, Petro Itosi Marealle aliyekuwa mangi Vunjo, na Thomas Marealle aliyesimikwa kuwa Mangi Mkuu mwaka 1952. Kurasa zote tatu nilizitupa.

Huku Old Moshi nguzo ya kumbukumbu ambayo kila mzee anayo ni kunyongwa kwa Mangi Meli na Wajerumani, tarehe 2 Machi 1900. Wazee wamesimulia miaka yote kwamba baada ya kunyongwa vichwa vya baadhi ya waliouawa vilichukuliwa vikapelekwa Ujerumani, na wapo wasomi waliolichukulia jambo hilo kama hadithi za kuongezwa chumvi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu kadhaa yaliyokuwa katika hifadhi yake na jamaa wanaoishi Tanzania, likiwemo fuvu la Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe hakikuwa miongoni mwao. Simulizi ile ingeachwa bila kuandikwa majina ya waliochukuliwa na koo zao, maabara isingekuwa na mtu wa kumpima.

Kuhusu maandishi ya kale nitatoa siri ndogo ambayo ingeniokolea mwezi mzima kama ningeambiwa mapema. Unapotafuta habari za huku katika hazina za Ujerumani, andika kama walivyoandika wao: Moschi, Aruscha, Dschagga, Madschame, Kilimandscharo. Nilitafuta "Chagga" siku nyingi nikapata vitu vya Waingereza tu, na nilipobadilisha tahajia milango ilifunguka. Picha nyingi za Misheni ya Leipzig, iliyoingia Machame mwaka 1893, zimewekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Southern California, na katika baadhi yake unaweza kuona jinsi miti na mashamba yalivyokuwa. Mafaili ya utawala wa Waingereza utayapata Dar es Salaam, kwenye Idara ya Nyaraka za Taifa. Wenye makazi Arusha wapitie pia Boma la Kijerumani, ambalo sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili.

Hata hivyo, maandishi nayo yana ukoo. Bruno Gutmann, mchungaji wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi miaka mingi, aliandika juu ya sheria na mila za Wachagga kwa kina ambacho hakuna Mzungu mwingine wa wakati wake aliyekifikia, na mambo mengi aliyoyaandika leo huwezi kuyapata kwa mzee yeyote aliye hai. Lakini aliupenda mno umoja wa ukoo na aliogopa mno mji na fedha, kwa hiyo ukimsoma peke yake utadhani watu hawakuwahi kugombania maji. Kisha unafungua faili la mashauri la miaka ya Waingereza na unakuta watu wamepelekana barazani kwa ajili ya saa mbili za zamu. Ninamsoma Gutmann kama ninavyomsikiliza babu, nikijua ameketi upande gani.

Vibali havina utamu wa kusimulia, ila usivipuuze. Barua ya chuo huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, hushuka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na uongozi wa kijiji, na kila ngazi huongeza muhuri wake. Ofisi moja ilikaa na barua yangu wiki tatu kwa sababu ya cheo kilichokosewa kwenye anwani, kwa hiyo hakiki vyeo. Ukitaka kuingia msituni, kumbuka kwamba ukanda wa msitu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, hivyo mabanio mengi ya mifongo yamo ndani ya mpaka wa hifadhi, na utafiti humo hupitia TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, yenye makao makuu Arusha. Watu wa mfongo wenyewe wana malalamiko yao juu ya mpaka huo. Yaandike, hata kama hayamo kwenye hojaji yako.

Limebaki suala la kurudisha. Katika nyumba tano nilikotembelea nilielezwa juu ya mtafiti fulani aliyekuja zamani, akanywa mbege, akarekodi wazee waliokwisha kufa, akaahidi nakala, na hakuonekana tena. Kwa sababu hiyo nilichapisha sura za mfongo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa zinazosomeka bila miwani, nikapanda gari Kiboriloni na nakala sita begani. Moja nilimpa mwenyekiti wa kamati, moja shule ya msingi, na moja yule babu wa simulizi ya kwanza. Aliisoma kwa siku nne. Niliporudi alikuwa ameitia alama kwa kalamu ya risasi kila mahali: amesahihisha majina mawili ya koo, amehamisha banio la zamani umbali wa mita mia hivi juu ya nilipoliweka kwenye ramani, na pale nilipoeleza habari ya yule bibi wa ng'ambo ya korongo ameandika pembeni kwa mwandiko wake uliolala, "Ni kweli lilivunjika. Mara mbili." Nakala hiyo ndiyo niliyoipeleka chuoni kuhifadhiwa.