Faharasa Inapoficha Mistari Iliyomo Ndani ya Jedwali

Hifadhidata inayotoa ujumbe wa kosa haina taabu kubwa. Inayotaabisha ni ile inayojibu haraka, bila ya kulalamika, na jibu lenyewe likawa pungufu. Hali hiyo niliikuta katika hifadhidata iliyoendeshwa kwa programu ya PostgreSQL, ya duka moja la jumla mjini Chake Chake, ambapo karani akiwatafuta wateja wa Ng'ombeni alipata waliosajiliwa karibuni tu, ilhali wa zamani walionekana wazi katika orodha kamili. Kilichowaficha ni faharasa, yaani orodha iliyopangwa ambayo hifadhidata huitumia kuufikia mstari bila ya kulisoma jedwali zima.

Kwetu lawama ya kwanza huangukia umeme. Hata hivyo, PostgreSQL huandika kila badiliko katika kumbukumbu yake ya WAL, daftari la mabadiliko, kabla ya kuligusa jedwali, hivyo maadamu fsync, inayohakikisha maandishi yamefika diskini, haijazimwa na diski ni ya kuaminika, kukatika kwa umeme peke yake si maelezo ya kutosha.

Ninashauri usikimbilie REINDEX, amri ya kuijenga upya faharasa, kwa sababu ukiijenga upya faharasa kabla ya kuichunguza utakuwa umefuta ushahidi, na pengine tatizo litarudi. Chukua kwanza nakala ya faili zote za data, seva ikiwa imezimwa. Kisha tumia EXPLAIN, amri inayoonyesha njia ambayo seva hulijibia ulizo, uone ni faharasa ipi inayotumika, na katika kikao hicho hicho zima njia tatu za kutumia faharasa, yaani enable_indexscan, enable_indexonlyscan na enable_bitmapscan, halafu rudia ulizo lile lile ili seva ilazimike kulisoma jedwali zima. Majibu yakitofautiana, mshukiwa ni faharasa. Yakilingana, kagua data na ulizo lenyewe: Ng'ombeni iliyoandikwa kwa ritifaa iliyonyooka na ile ya ritifaa iliyopinda ni maneno mawili mbalimbali mbele ya kompyuta, na jambo hili hutusumbua zaidi ya wanavyodhani watengenezaji wa programu wa nje.

Uthibitisho wa pili hutolewa na kiendelezi cha amcheck, kinachokagua faharasa na kilichomo katika PostgreSQL tangu toleo la 10. Amri yake ya bt_index_check haiwazuii watu kusoma wala kuandika, kwa hiyo huweza kuendeshwa hata saa za kazi.

Chanzo katika kisa hiki kilikuwa seva kuhamishiwa mfumo endeshi mpya pamoja na faili zake za data kama zilivyo. PostgreSQL kwa kawaida huiachia glibc, maktaba ya msingi ya mifumo ya Linux, kuamua mpangilio wa maneno, na toleo lake la 2.28 la Agosti 2018 liliubadilisha mpangilio huo, hasa kwa maneno yenye ritifaa, kistari au nafasi. "11" iliyokuwa ikitangulia "1-1" sasa huifuata. Ni sawa na orodha iliyopangwa kwa alifu-be-te ya chuoni, kisha ikapewa mtu anayetafuta kwa a-be-che ya skuli: majina yote yamo, ila yeye huyatafuta pasipo pahala pake. Anayetoka mfumo endeshi wa Ubuntu 18.04 kwenda 20.04 huivuka mipaka hiyo. Faharasa za namba na tarehe hazidhuriki, na anayehama kwa pg_dump, yaani kwa kuitoa data na kuipakia upya, husalimika, kwani faharasa hujengwa upya huko aendako.

Matengenezo huwa mazito pale faharasa inapolinda upekee, yaani kuzuia thamani isijirudie, kwa kuwa huenda imeshapitisha mistari pacha, na REINDEX itagoma mpaka pacha hao waunganishwe. Watafute hali ya kuwa zile njia tatu za faharasa bado zimezimwa, na mwenye duka ndiye aamue mstari upi ubaki. Fundi asijitwishe uamuzi wa deni la mtu. Kuanzia toleo la 12 la PostgreSQL ipo REINDEX CONCURRENTLY, inayojenga upya bila ya kuwazuia watu kuandika, ila katika toleo la 14 hakikisha uko 14.4 au zaidi, kwani matoleo madogo yaliyotangulia yalikuwa na hitilafu iliyoweza kuiharibu faharasa inayojengwa.

Safu za misimbo na namba za risiti zipe mpangilio wa "C", usiobadilika na glibc. Amri ya REFRESH COLLATION VERSION, inayosajili toleo jipya la mpangilio, iendeshe baada ya matengenezo tu, kwani hunyamazisha onyo la kubadilika kwa mpangilio na haitengenezi faharasa hata moja.