Kompyuta inayozima ovyo tangu uongeze antivirasi ya pili
Unadhani kompyuta yako inazima kwa sababu RAM (kumbukumbu yake ya muda) imeharibika? Kwa dalili hizi, ndugu, yaelekea si RAM, ni hizo antivirasi mbili. Kila moja huweka draiva yake (programu ndogo ya mfumo) ndani kabisa ya Windows, na faili likifunguliwa zote hulikamata kwa pamoja. Hapo ndipo skrini ya bluu, ile ya hitilafu inayoisimamisha Windows, inapoweza kutokea. Washa kompyuta kwa Safe Mode (hali ya Windows inayowasha vitu vya lazima tu), uondoe antivirasi moja kwa kifutio rasmi, yaani programu ya kuiondoa, cha kampuni iliyoitengeneza, maana kuiondoa kwa njia ya kawaida mara nyingi huacha draiva nyuma. Juzi nimetengeneza laptopu iliyokuwa inazima kila ukichomeka flashi, ikapona hivyo hivyo. Defender, antivirasi inayokuja na Windows, iache tu, hujizima yenyewe ikiona antivirasi nyingine. Ikiendelea kuzima, faili zilizo C:\Windows\Minidump, ambamo Windows huhifadhi kumbukumbu za skrini ya bluu, zifungue kwa programu ya BlueScreenView uone draiva gani inatajwa.