Kwa Nabwire, kuhusu hizo simu za bafere

Mwanangu Nabwire,

Salamu kutoka Busia, sisi wote wazima, mvua imeanza na Muzee goti lake linamsumbua lakini anatembea. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema bafere, hao matapeli wa simu, wanakupigia kila siku huko Ntinda, mara umeshinda zawadi, mara laini yako itafungwa leo jioni, mara mtu amekutumia pesa kwa makosa anataka umrudishie, na sasa umechoka, unaniuliza ubadilishe namba ama ukae tu bila kupokea namba yoyote usiyoijua. Nitakujibu. Lakini tangu nilipousoma nimekuwa namuwaza Kukhu, bibi yako, kwa hiyo acha nianze na yeye.

Habari ya Kukhu wewe unaijua vile baba yako mdogo anavyoisimulia kila Krismasi, "daktari wa Kukhu", halafu watu wanacheka. Ulikuwa boarding wakati ule, hukuiona. Mimi niliiona.

Kukhu alikuwa ametoka kuuza ule ng'ombe dume, na pesa ameweka kwa simu kama tulivyomfundisha ili asilale nazo ndani ya nyumba. Asubuhi simu inaingia, mtu anaongea taratibu, sauti ya msomi, anamwita kwa majina yake yote mawili, anasema yeye ni daktari hapo Tororo, "mama, yule mtoto wenu wa shule amegongwa na boda, hali ni mbaya." Kukhu akapiga kelele, "Ni Ouma?" Na yule mtu akasema ndiyo mama, ni Ouma. Umeona hapo? Jina la Ouma hakuwa nalo, amepewa na Kukhu mwenyewe kwa uchungu wake. Akaambiwa kuna operesheni, tuma laki tatu, na usikate simu, ukikata tutampoteza kijana. Basi Kukhu ametembea kutoka nyumbani hadi senta na simu sikioni, kanga inaanguka, watu wanamsalimia hajibu. Yule ajenti wa senta alimuuliza, Kukhu, huyu mtu unamjua? Akamwambia fanya kazi yako mtoto wangu anakufa. Laki tatu ikaenda, halafu daktari akasema damu haitoshi, ikaenda laki na nusu nyingine, halafu simu ikazimwa. Ouma saa hiyo yuko darasani anasoma, mzima kabisa.

Na mimi niko wapi? Niko kwa kibanda changu cha mobile money karibu na mpaka, simu yangu ina chaji, ningempigia mwalimu wake tukamaliza mambo kwa dakika mbili. Kukhu hakunipigia kwa sababu alikuwa ameambiwa asikate. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata pesa. Watu wanasema bafere ni waongo sana, lakini uongo kila mtu anaweza. Kazi yao kubwa ni kukuzuia usipige simu ya pili. Usikate, usimwambie mtu, fanya sasa hivi. Ukisikia hayo maneno matatu jua ni wao. Ndiyo maana nawaambia nyote kila siku mpaka mnachoka na mimi: kata, halafu upige wewe mwenyewe. Kata, upige wewe mwenyewe, kwa namba uliyokuwa nayo toka zamani, si ile wanayokupa.

Najua utaniambia, mama, na kama ni daktari wa kweli? Hata mimi najiuliza hilo usiku mwingine. Daktari wa kweli atangoja ukimpigia dada yako. Lakini tena dakika mbili kwa mtu anayetoka damu ni nyingi, siwezi kukudanganya, na Kukhu aliyetuma bila kuuliza alituma kwa sababu anampenda Ouma, na mimi sitaki mnilelee wajukuu ambao watasikia ndugu yao amegongwa halafu wanakaa wanapekua pekua kwanza. Lakini bado. Kata, upige. Daktari anaweza kuanza kazi bila pesa yako ya simu, mfere hawezi kuanza kitu bila hiyo.

Ulitaka kujua pia jina lako wanalipata wapi. Mimi niliyekaa kwa kibanda miaka mingi nakuambia si uchawi. Mtu akiweka namba yako kama anataka kukutumia pesa, jina lako linatokea kwenye skrini kabla hajaweka pini, anasoma, anaacha hapo hapo. Hajatumia hata mia. Na zile daftari zetu za ajenti, jina, namba, kiasi, sahihi, zinalala wazi juu ya meza, mtu anayesubiri kwenye foleni anaweza kusoma ukurasa mzima, siku hizi anapiga na picha. Mimi yangu nilikuwa naifunika na gazeti, wateja wanashangaa, wengine wanaona nina maringo. Na usifikiri kusajili laini kumewamaliza. Tulisajili kuanzia 2012, tukapanga mistari tena 2017 na kitambulisho cha taifa, nilijua sasa wamekwisha kwa sababu kila laini ina mwenyewe. Kumbe mwenyewe anaweza kuwa mzee wa kijijini ambaye alipewa sabuni akaweka dole gumba, hajui kama kuna laini nyingine inayotembea kwa jina lake. Kwa hiyo mtu akikupigia na namba ikaonyesha jina zuri la mama fulani, hiyo haikuambii lolote.

Hiyo ya "nimekosea kutuma" ni rahisi. Usiamini meseji, amini salio lako. Bonyeza *165# kama ni MTN au *185# kama ni Airtel, angalia kama pesa imeingia kweli. Kama haijaingia, funga. Kama imeingia kweli, usiirudishe wewe, mwambie apige 100 kwa kampuni yake waishughulikie wao, maana wengine wanatuma kweli, wewe unarudisha, halafu wanalalamika kwa kampuni wanarudishiwa mara ya pili. Na pini usimtajie mtu, na ikitokea kwenye skrini uiweke wakati wewe hujaomba kutoa pesa, kataa. Na zile namba sita za WhatsApp pia, hata akikuomba rafiki yako, maana huenda huyo rafiki akaunti yake ilishachukuliwa jana.

Sasa mbona sikuambii tu usipokee? Kwa sababu ya kilichofuata, ambacho baba yako mdogo hakisimulii. Watu walimcheka Kukhu. Kanisani, kisimani, hata nyumbani kwake mwenyewe, mpaka Krismasi ile nikasimama mbele ya shemeji wote nikawaambia atakayesema tena "daktari" asile chakula changu. Lakini ilikuwa imeshamuingia. Akaanza kuogopa simu. Namba ambayo haina jina anaiangalia tu inalia mpaka inanyamaza. Halafu dada yake wa Majanji akaugua, simu yake haina chaji, majirani wanapiga na simu zao, mmoja baada ya mwingine, na Kukhu anaziona, namba ngeni, namba ngeni, hapokei. Dada yake alikuwa anataka kuongea na yeye. Habari ikaja na kijana wa boda aliyetumwa, na saa hiyo alikuwa amekwishakata roho. Wale bafere waliondoka na laki nne na nusu, hiyo tulilima tukairudisha. Ile sauti ya dada yake nani atamrudishia?

Kwa hiyo pokea simu, mwanangu. Mimi nasema pokea. Hujui nani ameazima simu ya nani. Wewe unajua vizuri hapa kwetu mtu akipata ajali simu yake ndiyo ya kwanza kuibiwa, atakayekupigia ni mpita njia. Pokea, sikiliza, na wakianza habari ya pesa, kata, upige mwenyewe.

Kuhusu kubadilisha namba, mimi moyoni nina jibu, lakini umri wako si wa kuamuliwa na mama, na wewe ndiye unayesumbuliwa ukiwa kazini, si mimi. Labda kweli utapumzika miezi michache. Labda namba mpya nayo ilikuwa ya mtu mwingine na wadai wake watakupigia wewe, hiyo nimeiona. Ukiamua kubadilisha, basi usiitupe ile ya zamani hivi hivi: laini isiyotumika kampuni inaweza kumpa mtu mwingine, na wewe bado umeiacha benki, kwenye Sacco, kwenye WhatsApp. Toa pesa yote kwanza, hamisha WhatsApp, nenda benki mwenyewe na kitambulisho. Na uniambie mimi kwa mdomo, si kwa meseji, maana ikija meseji "mama hii ndiyo namba yangu mpya" mimi sitaiamini, nitakupigia kwa ile ya zamani.

Kitu kingine, nimeongea na Muzee na Ouma. Mtu akipiga akisema mmoja wetu yuko hospitali, tutamuuliza nani alivunja redio ya Muzee. Jibu unalijua. Usiliandike popote. Kukhu nimeshamfundisha, na Jumapili ulipompigia na simu ya ofisini alipokea, si ndiyo? Mpigie tena wiki hii, na hiyo hiyo ya ofisini.

Mama yako