Maswali yenu: Mama mkwe anakuja Julai, nimpeleke Harrogate?

SWALI: Anko shikamoo. Niko Leeds huku Uingereza, mama mkwe na wifi wanakuja Julai kutoka Tanga, nataka siku moja niwatoe Harrogate ila mume wangu ananikatisha tamaa, eti kule ni mji wa wazee wenye hela na chai ya bei mbaya, hamna kitu. Ni kweli? Tule wapi, tununue nini, na kuna tamasha lolote? – Mama Zuhura

JIBU: Marahaba Mama Zuhura. Kwenye bei mumeo hajakosea, kwingine kote kachemka.

Kutoka Leeds ni treni tu, nusu saa na kidogo mmefika. Ule mji umetajirika kwa maji ya chemchemi, yaani tangu 1571 William Slingsby alipoonja akasema yana madini, wagonjwa wenye uwezo wakaanza kumiminika. Mengine yana salfa, yananuka mayai viza kabisa, piteni Royal Pump Room, jengo la 1842 ambalo sasa ni makumbusho, mtanielewa. Sasa ukishameza maji ya hivyo mdomo unatamani kitu kitamu, ndo ikaja tofi ya Farrah's mwaka 1840, ina siagi na limau kwa mbali, inauzwa kwenye kikopo cha bati cha bluu na silva. Hiyo ndo zawadi ya kurudi nayo Tanga, haiharibiki njiani na kikopo kitabaki kuwekea vifungo. Maduka mengine ya mtaa wa Montpellier, vitu vya kale na vito, mimi huwa naangalia dirishani naendelea na safari zangu.

Kula, nendeni Bettys, mgahawa wa chai ulioanzishwa na Mswisi mmoja 1919. Wahini asubuhi maana ikifika mchana foleni inatoka mpaka nje na mama mkwe hatakuelewa. Agizeni Fat Rascal, ni kama skonzi nene yenye uso, macho ya cheri na meno ya lozi, tena mpasue mgawane maana linashibisha. Sandwichi ulizeni kwanza, nyingine zina nguruwe. Na wifi akianza kusifia chai ya Kizungu mwambie kampuni hiyohiyo ndo yenye Yorkshire Tea, na sehemu ya majani yake inatoka Kenya na Rwanda.

Tamasha Julai ni Great Yorkshire Show, maonyesho ya kilimo na mifugo, siku nne, ng'ombe wameogeshwa na kuchanwa manyoya utadhani wanaolewa, kondoo, farasi, jibini za kuonja. Watu wa Tanga na ng'ombe wa maziwa mnajuana, kwahiyo kama bajeti inaruhusu siku moja tu basi iwe hiyo, ila tiketi kateni mapema mtandaoni msitegemee geti. Julai hiyohiyo kuna tamasha la waandishi wa hadithi za upelelezi pale Old Swan, hoteli aliyokutwa Agatha Christie, mwandishi maarufu wa hadithi hizo, 1926 baada ya kupotea siku 11, na maonyesho ya maua ni Aprili, hayo mtayakosa. Msilale huko, vyumba vinapanda bei, rudini tu Leeds.

Wakichoka kutembea kuna Stray, ekari 200 za nyasi katikati ya mji, bure, bebeni khanga ya kutandika. Bafu za Kituruki, za joto na mvuke, za 1897 nazo bado zinafanya kazi na wana muda wa wanawake peke yao, weka nafasi kabla. Huyo mume mwachie watoto.